Nani Kakutuma?

Jioni ya kwanza niliyomwekea mama yangu mdogo tamthilia ya Arrow, alikuwa mkekani anachambua mchele, macho kwenye ungo zaidi kuliko kwenye kioo. Diski ilikuwa zile za mtaani, sizoni nzima imebanwa humo hadi sura za watu zina ukungu. Kijana wa kitajiri aliyepotea baharini miaka mitano karudi kwao, kavaa joho la kijani lenye kofia, kamvizia mfanyabiashara dhalimu kwenye maegesho ya magari, kamwamuru atoe dola milioni 40 alizowadhulumu watu. Mishale ikaanza kuruka. Mama mdogo akainua uso.

"Mwanangu, huyu nani kamtuma?"

"Baba yake, mama."

"Baba yake si umesema kafa?"

"Kafa. Kamwachia daftari lenye majina."

Akarudi kwenye ungo, akatoa kijiwe, akakitupa nje ya mkeka. "Basi huyo hana pa kurudisha majibu."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa tamthilia za namna hii, na mwingi wake unazunguka mbali na pale mama mdogo alipotua bila hata kuacha kazi yake. Tamthilia ya polisi haina shida hiyo. Polisi kavaa sare, ana mkuu wake, ana jalada, akikosea kuna pa kumshitaki. Anayejichukulia sheria mkononi hana hata kimoja kati ya hivyo. Kila anapovunja mlango wa mtu, mtazamaji, hata yule anayemshangilia, amebeba swali moja mfukoni: wewe umetumwa na nani? Tamthilia isipolijibu, stelingi anageuka jambazi mwenye sura nzuri. Ikilijibu, jibu lenyewe huchakaa, kama viatu vya mtu anayetembea sana, na baada ya sehemu ishirini na kitu linakuwa limetoboka. Ndiyo maana kila msimu mpya unapofunguliwa lazima litafutwe jibu jingine. Makala hii inahusu dakika arobaini na mbili hivi za sehemu ya kwanza ya msimu, na jinsi waandishi wanavyozitumia kumkatia stelingi wao leseni mpya.

Leseni za zamani zilikuwa rahisi. Mwaka 1949, The Lone Ranger ilipohama kutoka redioni kwenda televisheni, ilitumia sehemu tatu za kwanza kusimulia askari sita wa Texas waliovamiwa kwenye korongo. Watano wakafa. Wa sita akaokolewa na Tonto, na likachimbwa kaburi la sita ili wauaji waamini kwamba naye kaenda na wenzake. Aliyemtuma yule mtu wa kinyago ni maiti tano na kaburi tupu. Batman wa mwaka 1966 alikuwa na utaratibu wa kistaarabu zaidi: simu nyekundu. Kamishna wa polisi anainua mkono wa simu, Batman anapokea, na kuanzia hapo kila ngumi anayorusha ina baraka za ofisi. Knight Rider ya 1982 ilimtoa polisi aliyepigwa risasi ya uso, ikampa sura mpya, jina jipya na gari linaloongea, na juu ya yote ikampa mzee tajiri, Wilton Knight, aliyemkabidhi kazi akiwa kitandani anakata roho. The A-Team ya mwaka uliofuata ni wanajeshi waliotoroka kifungo cha kosa wasilolitenda, nao hawajifanyi kutumwa na mbingu: ukiwa na shida na ukawapata, unawakodi.

Mimi binafsi naiheshimu zaidi The Equalizer, iliyoanza CBS mwaka 1985. Robert McCall, jasusi aliyestaafu, anaweka tangazo gazetini kwamba mwenye shida ampigie simu. Basi. Aliyemtuma ni mwenye shida mwenyewe, yuko hai, ana jina, na kazi ikiisha anaweza kuulizwa kama ameridhika. Mama mdogo angeikubali. Ila uimara huo ndio uliokuwa udhaifu wake, kwa sababu kila wiki mteja mpya, kila wiki leseni mpya, na msimu ukifunguliwa hakuna kilichobadilika. Vituo vya enzi hizo vilipenda hivyo. Sehemu inayosimama peke yake inaweza kurudiwa mwaka wowote, kwa mpangilio wowote, na aliyekosa ya juzi hapotei leo. Tamthilia za Marekani zilipoanza kusimulia hadithi moja ndefu kwa msimu mzima, ndipo sehemu ya kwanza ilipobebeshwa mzigo.

Mzigo huo una uhusiano na kalenda. Kwenye vituo vya kawaida vya Marekani, mwaka wa televisheni huanza Septemba au Oktoba na kufungwa Mei. Katikati ya hapo, enzi za Arrow, zilipita sehemu ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kisha joto linaingia, watu wanatoka nje, na tamthilia inanyamaza miezi minne au mitano. Sehemu ya mwisho ya Mei hufungwa kwa kishindo kikubwa kadiri bajeti inavyoruhusu, ili ukirudi Oktoba uwe bado unaumwa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwandishi. Mei amefunga hadithi kana kwamba haina kesho: mji umeanguka, rafiki kafa, stelingi kavunjika moyo na kuondoka. Oktoba anatakiwa aifungue tena mbele ya watu wa aina mbili, waliokariri kila kitu na waliokuja kwa sababu ya tangazo walilolipitia jana. Na anatakiwa afanye hivyo ndani ya saa moja ambayo si saa. Ukitoa matangazo ya biashara inabaki kama dakika 42, nazo zimekatwakatwa vipande, kila kipande kikiishia palipo na moto ili usibadilishe chaneli wakati wa tangazo la sabuni.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri, itazame sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa Arrow, "City of Heroes", iliyorushwa na The CW tarehe 9 Oktoba 2013. Nimeirudia mara nyingi kuliko inavyopendeza kukiri.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Green Arrow si mtoto wa televisheni. Alitungwa na Mort Weisinger na kuchorwa na George Papp, akatokea katika kitabu cha katuni More Fun Comics namba 73, mwishoni mwa mwaka 1941. Greg Berlanti, Marc Guggenheim na Andrew Kreisberg ndio waliomleta The CW Oktoba 2012, wakampa sura ya Stephen Amell, wakapiga picha zao Vancouver, Canada, na kuuita mji wao Starling City. Usiku wa kwanza watazamaji wa Marekani walizidi milioni nne, idadi ya kusherehekea kwa kituo kidogo kama kile. Msimu mzima Oliver Queen alipita na daftari la baba yake, mmoja baada ya mwingine, na aliua. Hilo watu huwa wanalisahau. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa anamvunja shingo mtekaji mmoja kwa sababu tu ameona uwezo wake. Leseni yake ilikuwa maneno ya baba aliyejipiga risasi kwenye boti la kujiokoa ili chakula na maji vimtoshe mwana. Leseni nzito, lakini ndiyo ile isiyo na pa kurudisha majibu.

Mei 2013 leseni hiyo ikachanika. Mashine ya kutengeneza tetemeko ikabomoa Glades, mtaa wa watu maskini, ingawa Oliver alikuwa amempiga aliyepanga. Tommy, rafiki yake wa tangu utotoni, akafa chini ya kifusi. Kabla ya kukata roho alimwuliza Oliver kama amemwua baba yake, maana mpangaji wa tetemeko alikuwa ndiye baba wa Tommy. Oliver, akiamini kwamba amemwua, akajibu hapana. Msimu ukafungwa juu ya uongo huo.

Oktoba inafunguka angani. John Diggle, mwanajeshi wa zamani, na Felicity Smoak, binti wa kompyuta, wanaruka kwa miavuli kwenye kisiwa cha Lian Yu, kilekile Oliver alikopotelea mwanzo. Amekimbilia huko. Kwenye tamthilia imepita miezi mitano tangu tetemeko, na kwenye kalenda ya mtazamaji imepita karibu miezi mitano tangu aione sehemu ya mwisho. Hesabu hiyo haikujitokeza yenyewe. Aliyekuwa akimsubiri Oliver sebuleni kwake amesubiri muda uleule ambao rafiki zake wamemsubiri, kwa hiyo Diggle na Felicity wanaposhuka na miavuli wanashuka kwa niaba yako. Felicity anakanyaga bomu la kutegwa ardhini, na Oliver anatokea juu ya miti, ananing'inia, anamnyakua. Dakika chache tu, na msimamo wote wa mtu umeonekana: amejificha asimwokoe yeyote, na ameshindwa.

Sasa ombi. Hawamwambii rudi ukapigane. Wanamwambia mama yako yuko gerezani anasubiri kesi, dada yako kabaki peke yake, na kampuni ya familia inakaribia kumezwa. Anakubali kurudi kwa ajili ya hayo, ila anatamka wazi kwamba joho limezikwa. Waandishi wavivu wangemrudisha na upinde begani papo hapo, maana mtazamaji ndicho alichofuata. Hawa wanamwacha akatae mara ya kwanza, kisha akatae tena, na kila anapokataa, gharama ya kukataa inapanda.

Kinachoipandisha ndicho kiungo bora cha sehemu nzima. Alipokuwa kisiwani, Glades ilizaa watu wanaojiita kwa jina lake. Wamevaa kofia kama yake, badala ya upinde wana bunduki, na wanawaua wakubwa wa mji, akiwemo meya. Kiongozi wao ni mwanajeshi wa zamani aliyempoteza mkewe kwenye tetemeko. Wanaingia kwenye mkutano wa kampuni ya Queen wakifyatua risasi, na Oliver, badala ya kupigana, anamkumbatia Felicity na kuruka naye dirishani. Utamlaumu? Mikono yake ni mitupu, na aliyeijaza mikono ya wale ni yeye. Ukiwauliza nani kawatuma, watamwonyesha kidole.

Magazeti yetu yana maneno ya watu kama hawa: wananchi wenye hasira kali. Kila msomaji wa Kiswahili anaijua habari hiyo kabla hajaimaliza. Kuna mtu kaitiwa mwizi, kuna tairi, kuna kiberiti, na mwandishi hana jina la kumtaja kwa kuwa hasira haina anwani. Hapa kwetu jibu la tofauti lilishawahi kujaribiwa, tena kwa upinde na mishale hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi nguvu za polisi, vijiji vikaunda sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaouma kwa pamoja. Walikuwa na viongozi wao, viapo vyao, faini zao, na adhabu ya kumtenga mtu hata asiombe moto kwa jirani. Walifanya makosa, mengine makubwa. Lakini lile swali la kutumwa walilijibu: kijiji kimewatuma, na kijiji kiko palepale jioni kusikia majibu. Serikali ilihangaika nao miaka kadhaa, ikiwasifu huku ikiwaogopa, hadi mwaka 1989 Bunge lilipobadilisha sheria za mgambo na kuwapa nafasi ndani yake. Ningependa siku moja mtu atutengenezee tamthilia ya msimu mzima juu ya hilo, na mwanzo wake uwe mkutano chini ya mti, kabla mshale wowote haujatolewa podoni.

Turudi Starling City. Wale wenye kofia wanamteka Thea, dada yake. Hapo ndipo joho linapofukuliwa, na ndipo Felicity anapomkabidhi upinde mpya aliomtengenezea. Ule wa kisiwani ulikuwa umebeba damu ya msimu mzima. Huu umetoka kwa mtu aliye hai, aliye chumba kimoja naye, atakayekuwepo kesho kumwuliza ameutumiaje. Mwandishi wa televisheni hawezi kusimamisha hadithi aeleze falsafa, kwa hiyo anaiweka kwenye kifaa na kukipitisha kutoka mkono hadi mkono. Oliver anaenda, anamwokoa dada yake, na hawaui. Amejifunga kwa ajili ya Tommy, yule aliyemdanganya akiwa anakufa.

Wakati huohuo, kwa kupokezana na hadithi ya mjini, tamthilia inatuonyesha Oliver wa zamani, bado yuko kisiwani na wenzake Slade na Shado. Mtu mmoja anamshambulia Shado. Oliver anachukua jiwe na kumponda kichwa hadi mtu huyo akafa, na anaendelea hata pasipo haja. Yaani sehemu ileile inayomwonyesha akiapa kutoua ndiyo inayotuonyesha siku alipogundua kwamba kuua kunampa kitu. Kiapo pekee kingekuwa mahubiri. Lile jiwe ndilo linalotufanya tuhofu kama kitadumu, na msimu wa sehemu 23 unapata cha kula.

Mwishoni anasema hataki tena lile jina la kofia, kwa kuwa limechafuliwa na wengine na yeye mwenyewe. Anaulizwa basi tukuiteje. Hajibu. Kioo kinakuwa cheusi na jina la tamthilia linatokea. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, peke yangu, kwa raha ya kuona fundi anapiga msumari kwa nyundo moja.

Daredevil, ya Netflix, ilipita njia karibu na hiyo kwa miguu tofauti. Netflix haina Oktoba wala Mei. Tarehe 10 Aprili 2015 iliachia sehemu zote 13 kwa mpigo, na atakaye azimalize kabla ya jua kuchomoza. Ungedhani hapo ufunguzi unapungua umuhimu, maana hakuna wiki ya kusubiri. Bado swali lilikuwa mlangoni. Matt Murdock, kipofu, wakili mchana na mpiganaji usiku, tunakutana naye akiwa mtu mzima kwenye kibanda cha maungamo, anamwomba padri msamaha. Haombi kwa alichofanya, anaomba kwa anachokwenda kufanya. Amekwenda kutafuta mtu wa kumtuma, na padri hawezi kumtuma. Msimu wa pili, tarehe 18 Machi 2016, ukaleta kioo kama kile cha Starling City: genge la Waayalandi linachinjwa kwa risasi, mji mzima unaamini limeingia jeshi, kumbe ni mtu mmoja, Frank Castle. Anafanya kazi ileile ya Murdock, bila breki. Sehemu inaishia Castle akimfyatulia Murdock risasi ya kichwa kwa karibu, naye anaanguka kutoka kwenye paa.

Je, kuna aliyeamini amekufa? Hata mmoja. Vijana wa vibanda umiza wana kanuni isiyojadiliwa: stelingi hauawi. Wazee walikuwa na yao: mjumbe hauawi. Zimefanana kuliko zinavyoonekana, maana zote mbili zinamlinda mtu kwa sababu ya kazi aliyobebeshwa, na aliyevunja ya pili zamani aliingiza nchi vitani. Kwa mwandishi wa tamthilia, kanuni ya kwanza ni kero. Anajua mtazamaji anajua kwamba mwigizaji ana mkataba. Basi hatari inahamishwa, inawekwa juu ya walio pembeni, ambao mikataba yao haina uhakika. Msimu wa tatu wa Arrow, Oktoba 2014, ulifunguka kwa raha ya kutia shaka, uhalifu umepungua, Oliver anatoka chakula cha jioni na Felicity, kisha dakika za mwisho mpiganaji mwenzake, Sara Lance, anapigwa mishale mitatu juu ya paa na kuangukia uchochoroni mbele ya dada yake. Aliyekuwa anajiandaa kulala akakaa.

Mwaka uliofuata walitia chumvi. Sehemu ya kwanza ya msimu wa nne ilimkuta Oliver kitongojini, kaacha yote, anapika na kucheka na majirani, hadi mji ulipoelemewa na akaja kuitwa. Tena kukataa, tena kurudi, na safari hii alijitangaza kwenye televisheni kwa jina la Green Arrow, akiomba leseni kwa wananchi wote kwa pamoja. Kisha, mwishoni kabisa, tukarushwa miezi sita mbele: Oliver kasimama juu ya kaburi, analia, na hatuonyeshwi jina. Waandishi walikuja kukiri kwamba walipolipiga picha kaburi lile hata wao hawakuwa wameamua ni la nani. Walinunua sanda, ndipo wakaanza kumtafuta marehemu. Aliyekuja kuzikwa humo, Aprili 2016, ni Laurel Lance, yule dada wa Sara, na wengi wa waliompenda hawajasamehe hadi leo. Nakubaliana nao. Kifo kilichopangwa kwanza kikatafutiwa mwenyewe baadaye huwa kinanuka ofisini hata ukikipamba kwa mvua na muziki.

Kuna kijisehemu kingine cha ufunguzi ambacho watu hukirusha kwa rimoti. Kwa kawaida sehemu ya Arrow huanza kwa sauti ya Oliver akijitambulisha: nilipotelea wapi, nimerudi kufanya nini. Msimu wa kwanza alitaja orodha ya baba yake na watu wanaousumisha mji. Msimu wa pili akasema hawezi tena kuwa muuaji kama zamani, kwa heshima ya rafiki yake. Msimu ukibadilika, maneno yanabadilika. Ni leseni inasomwa kwa sauti kila wiki, kama daladala iliyobandika karatasi zake kwenye kioo ili trafiki asipate shida ya kuuliza. Na huku kwetu sauti hiyo mara nyingi ilimezwa na sauti nyingine. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya na wengine wa kazi yao walizoea kumjulisha stelingi kwa Kiswahili kabla hajafungua mdomo: katoka wapi, kadhulumiwa nini, leo ana jambo na nani. Huwezi kuwatazamisha watu ukumbini mtu anayepiga wenzake bila kuwaambia ana haki gani, na wasimulizi wetu walilijua hilo bila kupewa semina.

Msimu wa tano sitaukalia. Oliver kachaguliwa, tuseme kakabidhiwa, umeya. Mchana anatumwa na wapiga kura, usiku hajulikani, na ndani ya sehemu ya kwanza tu kile kiapo cha kutoua kinavunjika akiwa mateka. Wazo ni zuri kuliko walivyolitumia. Wa saba ndio ulionishika. Tarehe 15 Oktoba 2018 tulimkuta gerezani, mfungwa namba 4587, baada ya kujitaja hadharani kwamba Green Arrow ni yeye ili apate msaada wa wapelelezi wa serikali dhidi ya adui aliyemshinda. Ile hesabu ambayo misimu sita ilikwepa imeletwa mezani na karani wa magereza. Ana sare, ana namba, ana mlo wa saa fulani, na baadhi ya wafungwa wenzake ni watu aliowatia humo yeye mwenyewe. Huko nje kuna mwingine keshavaa joho la kijani na anatembea na upinde, hatujui ni nani wala katumwa na nani, na Oliver hawezi hata kumfuata kumwuliza.

Baada ya hapo ilibaki moja. Msimu wa nane, wa mwisho, sehemu kumi tu, ulifunguliwa Oktoba 2019 kwa picha ileile ya Oktoba 2012: mtu mwenye ndevu anakimbia kwenye mawe ya Lian Yu, anawasha moto, boti la wavuvi linageuza pua. Ukikaza macho unaona kinyago kilichochomekwa kwenye mti si kile cha mwanzo, sasa ni cha Batman, na unang'amua kwamba hii ni dunia nyingine. Mama yake yuko hai. Tommy yuko hai. Oliver ametumwa humo na kiumbe mwenye nguvu kupita kiasi anayeitwa the Monitor, achukue chembe za nyota alizoagizwa na kuzirudisha. Na keshaambiwa, tangu mwisho wa msimu uliopita, kwamba mwisho wa kazi hizi ni kifo chake.

Nilimpigia mama mdogo usiku ule. Hakuikumbuka diski, alikumbuka upinde. Nikamweleza kwamba safari hii aliyemtuma yuko hai na anasubiri majibu. Akauliza kama kijana analipwa. Nikamwambia malipo yake ni kufa, naye anajua. Kimya kidogo, sufuria ikagongwa upande wa pili.

"Na mama yake anamwona?"

"Anamwona."

"Anamwacha aende?"

Kwenye sehemu ile Moira, yule mama yake wa dunia ya pili, anamkumbatia mwana ambaye hakumzaa yeye hasa, na Oliver anamwachia kabla yeye hajaachiwa. Dakika chache baadaye dunia ile inaanza kumeguka kama majivu, watu wanayeyuka wakiwa wanakimbia, na yeye anavuka upande huu akiwa na kile alichoagizwa.